Nguvu Zinazopotelea Njiani

Shemeji yangu hajui kukaa. Mpe kiti, atakikalia kama mtu aliyeambiwa kina kunguni. Mpe chai, ataimaliza amesimama mlangoni, jicho nje, kana kwamba kuna mtu anamsubiri barabarani. Mguu wake wa kulia una maisha yake wenyewe. Unakanyaga mafuta ya gari lisilokuwepo, chini ya meza, harusini, msibani, popote, mpaka vijiko vinagongana kwenye sahani. Mimi sikuumbiwa subira, kwa hiyo humwambia, "Shem, zima injini, tumefika." Atacheka, mguu utatulia kidogo, halafu utaanza tena.

Ni mume wa dada yangu, na ndiye aliyeniombea kazi ninayofanya, kwa hiyo nyumbani namtania na kazini namheshimu, ingawa kuna siku nachanganya. Karakana yetu inahudumia magari ya spoti, yale ya chini chini yenye milango miwili na mngurumo wa kumwamsha mgonjwa. Mimi nakaa mapokezi, nyuma ya kioo. Upande wa pili wa kioo hicho kuna chumba chake, na ndani ya chumba kuna mashine ambayo wote tunaiita mapipa. Na kweli ni mapipa: mawili ya chuma, manene, yamelazwa na kufukiwa sakafuni mpaka migongo tu inaonekana. Gari linapandishwa, matairi yanakaa juu ya mapipa, linafungwa mikanda mbele na nyuma lisichomoke, feni kubwa inawekwa mbele ya pua yake. Kisha Shemeji anaingia, anafunga mlango, anakanyaga. Gari linakimbia mwendo wa kutisha bila kwenda popote. Kwenye skrini ya ukutani mstari unapanda, na pale unapofika kileleni inatokea namba ya nguvu za farasi. Hiyo namba ndiyo watu wanayoifuata kwetu.

Hiyo namba ndiyo inayowaliza pia. Mtu amenunua gari, wakati wa kununua ameambiwa lina farasi mia nne, amewatangazia marafiki zake mia nne, mapipa yanasema mia tatu arobaini. Nimewaona watu wazima wakikosa mahali pa kuweka mikono. Shemeji hutoka, humvuta mtu kando, na humweleza maneno ambayo mimi nayajua kama sala. Kiwandani walipima injini ikiwa peke yake mezani, haijabebeshwa kitu. Hapa tunapima kwenye tairi. Kati ya injini na tairi kuna safari: klachi, giaboksi, propela, difu, ekseli, halafu tairi lenyewe linalobonyea. Kila anayepokea nguvu anakata chake kabla ya kumpa mwenzake.

"Farasi wako hawajaibiwa," humwambia. "Wamepotelea njiani. Injini ni nzima."

Wapo wanaoelewa. Wapo wanaorudi na ujanja. Mmoja atajaza upepo mpaka tairi linakuwa gumu kama jiwe, ili lisibonyee. Mwingine atataka mashine idanganywe kwamba leo kuna joto kali kuliko lilivyo, maana siku za joto hewa ni nyepesi na mashine huongeza kidogo kufidia. Wengi huficha barafu chini ya boneti, juu ya bomba la hewa, injini ivute hewa baridi na kunguruma vizuri kwa dakika chache. Shemeji huinusa barafu kabla boneti halijafunguliwa. Huitoa, humkabidhi mwenyewe, na kumwambia, "Namba haina shemeji." Siku ya kwanza kuisikia kauli hiyo nilinuna, kwa sababu shemeji pekee aliyekuwa mle ndani ni mimi.

Kazi hii ameirithi kwa njia ya kuzunguka. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, injini huku, kinu kule, katikati mkanda mrefu wa ngozi. Mkanda ukilegea unateleza, injini inapiga kelele na unga hautoki. Shemeji alikulia kwenye kelele hizo, akijifunza kusikia tofauti ya injini inayofanya kazi na injini inayolalamika tu. Mpaka leo ukipita na baiskeli atakuambia mnyororo wako umelegea. Alimwambia hivyo mchungaji mmoja katikati ya ubatizo, na mchungaji alikuwa amekuja kwa baiskeli.

Na hapo ndipo unapokuja mzaha wa maisha yake. Mtu huyu, aliyekuwa akikimbiza magari ya watu kuliko pikipiki za polisi, alikuwa hana leseni. Magari yalikuwa yanakimbia, yeye hajaondoka chumbani. Bosi akamwambia akajifunze udereva, walau aweze kulitoa gari nje. Mwalimu aliyempata ni dada yangu, ambaye kazi yake tangu ujana ni kufundisha watu kuendesha kwenye kigari kidogo chenye pedali pande zote mbili, mwendo wa kobe, kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Dada anasema hajawahi kufundisha mtu mbaya kama yule. Hawezi kusubiri taa. Hawezi kusubiri mtu avuke. Alifeli mtihani mara mbili, na dada anaapa kwamba ile ya pili alifeli makusudi, maana akifaulu masomo yangekwisha. Walipooana mtihani wa tatu ulikuwa bado.

Sasa tuje kwenye ngazi.

Wanakaa ghorofa ya tatu, na lifti ya jengo lile inafanya kazi siku inapojisikia. Jumamosi moja tulikuwa tunapanda, mimi nyuma na mfuko wa viazi, yeye mbele na mtungi wa gesi. Kwenye kona ya pili akauweka mtungi chini, akainama.

"Kamba ya kiatu," akasema.

"Shem, viatu vyako havina kamba."

Alikaa ameinama. "Nguvu ipo," akasema. "Inapotelea njiani tu."

Nikacheka. Halafu akainua uso, nikaona midomo yake ilivyopauka, jasho limemtoka juu ya mdomo kama mtu aliyekula pilipili. Nikauchukua ule mtungi. Hakukataa. Hilo lilinitisha kuliko jasho, kwa sababu shemeji yangu ni mtu wa kugombea kubeba hata mkoba wa mama mkwe.

Dada alimbeba kwa maneno mpaka kliniki. Daktari alimsikiliza kifua, akamuuliza maswali, kisha akasema wazi mbele yetu wote watatu: huenda kuna mshipa wa moyo unaoziba. Apelekwe hospitali kubwa, atembezwe kwenye mkanda wa mashine unaozunguka chini ya miguu, moyo upimwe ukiwa kazini. Ukishindwa, aingie wodini mara moja washughulikie mshipa kabla haujaziba kabisa. Ukihimili, apewe dawa, aende nyumbani, arudi baada ya miezi kadhaa.

"Na ukiziba kabisa nyumbani?" dada akauliza.

"Tusifike huko, mama," daktari akasema.

Siku ya kipimo dada alikuwa na wanafunzi wa mtihani, watu waliosubiri tarehe hiyo muda mrefu, hakuweza kuwaacha. Nikaenda mimi. Kumsubirisha Shemeji kwenye benchi la hospitali ni adhabu isiyo kwenye sheria. Alikaa, akasimama. Akasoma maandishi yote ya mtungi wa kuzimia moto. Akarekebisha bawaba ya mlango wa choo kwa sarafu. Akamuuliza mlinzi jenereta lao lina umri gani.

"Kaa, Shem. Unanitia kizunguzungu."

Akakaa. Mguu ukaanza. "Baba yangu aliingia hospitali kama hii kwa miguu yake," akasema, akitazama ukuta. "Alikuwa anaongea vizuri, anatania manesi. Wakampima, wakasema matokeo mabaya, wakamlaza. Hakutoka."

"Labda wangempima mapema angetoka."

"Labda wasingempima angekaa sana."

Alienda kunawa uso kwa maji baridi. Alinawa kichwa, shingo, mikono mpaka kwenye viwiko, akarudi anadondoka maji. Nilidhani ni joto.

Fundi wa mashine ile alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, na sauti ya mtu anayerudia maneno yale yale siku nzima. Alimnyoa vipande kifuani, akambandika waya, na mimi nikageukia dirishani kwa adabu za ushemeji. Shemeji akawa mtu mwingine. Kwa mara ya kwanza siku ile alipendezwa na kitu. Akataka kujua mkanda unapimwaje usahihi wake, kama unarekebishwa kwa joto la chumba, kama mtu mzito anaupunguzia kasi. Fundi akacheka, akamwambia hajawahi kuulizwa hayo. Wakaongea kama wenzao wa kazi. Katikati ya maongezi Shemeji akasogeza feni ya chumba, taratibu, ikamwelekea yeye.

"Mkanda utaongezwa mwendo na mlima, hatua kwa hatua," fundi akasema. "Mikono iwe huru. Ukiyumba gusa hivi vyuma vya pembeni kwa vidole tu. Usivishike, mzee. Ukishika, mikono inabeba mwili, moyo unapumzika, na mimi napata kipimo cha uongo."

"Naelewa kabisa," Shemeji akasema.

Mkanda ukaanza. Hatua ya kwanza alitembea kama anakwenda dukani. Hatua ya pili mikono ikashuka kwenye vyuma. Fundi akasema, "Achia, mzee," akaachia. Fundi akageukia skrini, Shemeji akashika. Nilikuwa nimekaa pembeni, namwona vizuri. Hakugusa. Alikamata, vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe, mabega yamepanda, nusu ya mwili inaning'inia. Kila fundi alipogeuka vidole vilinyooka kama vya mpiga kinanda. Hapo ndipo nilipoelewa yale maji na ile feni. Shemeji yangu alikuwa amejiwekea barafu.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilifungua mdomo, akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeomba, nikaufunga.

Akamaliza hatua ya nne. Daktari wa pale akaja, akatazama mistari, akasema kwa kiwango alichofika hali inaridhisha, aendelee na dawa. Shemeji akatoka mle ndani kama bwana harusi. Kwenye korido nikamshika shati.

"Ulishika vyuma."

"Nilikuwa naanguka."

"Ulishika, Shem. Ungekuwa gari la mtu ungemfukuza."

"Usimwambie dada yako," akasema, na akatangulia, na nikaona anashuka ngazi polepole huku ameushika ukuta.

Dada alipopewa habari alimkumbatia pale pale mlangoni bila kujali kwamba mimi nipo, akalia, akamsukuma, akamkumbatia tena. Mezani Shemeji alikuwa na maneno mengi. "Na hapo wamenipima kwenye tairi," akasema. "Ukitaka za injini ongeza asilimia kumi na tano." Dada akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Nilimtazama dada anavyocheka, nikamchukia yule mwanamume, kweli nilimchukia, kwa dakika nzima.

Nilipopata nafasi nikamfuata kwenye kibaraza walikoanika nguo. Nikamwambia nampa mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa hajasema, nitasema mimi, na nitasema na ya feni.

"Wewe ni ndugu yangu au ni polisi?"

"Mimi ni ndugu yake yeye kwanza."

Akanikazia macho, kisha akaanza kupanga vibanio vya nguo kwa rangi.

Wiki ile hakunisalimia. Alipita mbele ya kioo changu kama gari la wagonjwa. Alisugua mapipa ambayo yalikuwa safi. Alikagua mikanda, akaikunja, akaikunjua, akaikunja upya. Akagombana na fundi wa rangi kuhusu redio. Kila nikisikia kitu kizito kinaanguka upande ule nilinyanyuka kitini, na kila nikinyanyuka nilimkuta amesimama, ananitazama kwa hasira, mzima. Nilikuwa naishi kwa masikio. Dada alinipigia simu kuniuliza kama mumewe amechukia kitu kazini, maana nyumbani anazunguka kutoka chumba kwenda chumba kama anatafuta ufunguo. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akasema amemuuliza, kamwambia ni hali ya hewa.

Ijumaa ikafika. Mteja wa mchana alikuwa mfanyabiashara wa vigae, mtu wa kucheka sana, tunamwita Vigae. Ana gari la bluu analipenda kuliko inavyofaa, na anaamini kabisa lina farasi mia nne na zaidi kwa sababu karakana moja ng'ambo ya mji ilimpa namba hiyo. Karakana ile inajulikana, mashine yao haijawahi kumhuzunisha mtu. Sisi tulishampa mia tatu na hamsini, na amekuja tupime tena.

Gari likapandishwa, likafungwa. Shemeji alipopita mbele ya pua akasimama. Chini, juu ya sakafu iliyosuguliwa, kulikuwa na tone la maji, halafu la pili. Akafungua boneti, akatoa mfuko wa barafu uliovingirishwa taulo la hoteli.

Nilikaa vizuri kitini nisikie sala. Mlango wa kioo ulikuwa wazi.

Vigae hakuona haya hata kidogo. "Fundi, usinikunjie uso," akasema, anacheka. "Kuna ubaya gani? Kesho nakutana na wenzangu, nataka niwe na namba nzuri, basi. Gari langu, barafu yangu. Namdanganya nani?"

Shemeji alikuwa ameushika ule mfuko, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikangoja. Vigae naye akangoja, kicheko kikaanza kumpungua. Nikatazama chini nikaona mguu wa kulia wa Shemeji umetulia tuli, nikasimama, maana miaka yote niliyomjua sikuwahi kuuona umetulia kwa muda mrefu hivyo.

"Huwa unapanda na nani humu?" Shemeji akauliza mwishowe, taratibu.

"Mke wangu. Kwani?"

Shemeji akauweka mfuko sakafuni. Akaja mpaka kwenye meza yangu, akaegemea kwa mikono miwili, akipumua kama amepanda ngazi, wakati alikuwa amevuka chumba tu.

"Wapigie hospitali," akasema. "Waambie mtu wao alishika vyuma."

Nyuma yake Vigae alikuwa anauliza amekosea nini. Nikamwambia asubiri, mapipa yamepumzika kidogo. Nikapiga hospitali, nikaomba chumba cha mkanda. Yule fundi mwembamba alipopokea sikuhitaji kueleza sana. Alimkumbuka. Akaenda kuongea na daktari, akarudi akasema, "Mleteni leo leo. Na msimpandishe ngazi yoyote."

Nikampigia dada, nikamwambia aje karakana sasa hivi, mumewe ana neno naye. Akaja na kigari chake cha kobe, na mwanafunzi kwenye usukani: mama mmoja wa makamo, mwenye mkoba mapajani, anayeendesha kama amebeba trei ya mayai. Tukaingia nyuma, mimi na Shemeji, nikamwambia dada atuondoe kwanza. Tulikuwa hatujafika hata kwenye njia panda.

"Kile kipimo nilidanganya," Shemeji akasema.

"Kipimo gani?" dada akauliza bila kugeuka. "Mama, angalia kioo."

"Cha moyo. Nilining'inia kwenye vyuma. Sikutembea mimi, ilitembea mikono. Ndugu yako aliniona, akaniambia niseme."

Dada akakanyaga breki ya upande wake. Kigari kikasimama katikati ya barabara, mkoba wa yule mama ukaruka mpaka kwenye kioo, na nyuma yetu honi zikaanza. Dada alikuwa anatazama mbele. Shingo yake tu ndiyo niliiona.

"Kwa nini?" akasema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kulazwa. Nikilazwa sitoki. Nilijua kipimo kitasema nini, mke wangu. Ngazi zilishaniambia."

Honi zilikuwa zinalia, mtu mmoja akatutukana akipita. Dada akavuta pumzi, akainua mikono yake na kuitazama. "Mikono yangu haifai," akamwambia mwanafunzi wake. "Endesha wewe. Washa indiketa ya kushoto. Tunakwenda hospitali kubwa."

"Mwalimu, mimi barabara ile sijawahi," yule mama akasema, sauti imemkauka.

"Leo utaijua. Gia ya kwanza."

Ile safari sitaisahau. Mama wa watu alishika usukani kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, akatembea nyuma ya toroli la matunda mtaa mzima kwa sababu aliogopa kulipita. Taa ilipogeuka njano alisimama. Alisimama hata pale ambapo hapakuwa na taa. Mimi nilikuwa nasukuma kiti cha mbele kwa magoti kama naweza kukiongezea mwendo. Kila nikimtazama Shemeji, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu, unakanyaga, unakanyaga, na mkono wake umepita kati ya viti, uko begani kwa dada. Dada hakuushika. Hakuuondoa pia.

Hospitali walitungoja na kiti cha magurudumu. Shemeji alitaka kukikataa, dada akamtazama, akakaa.

Chumba kilikuwa kile kile, fundi yule yule, lakini safari hii daktari alisimama karibu na mashine kabisa na kiti kiliwekwa nyuma ya mkanda. Hakuna aliyemlaumu Shemeji. Feni ilikuwa imetazama ukuta na hakuigusa. Wakambandika waya. Dada akaenda kusimama mbele, mahali anapoweza kumwona uso, amekunja mikono, bado amekasirika.

Mkanda ukaanza. Shemeji hakujua aiweke wapi mikono. Ilining'inia kama ya mtoto aliyevalishwa koti la kaka yake. Hatua ya kwanza ikapita, na mwisho wake alikuwa ameshaanza kuvuta hewa kwa mdomo. Mkanda ukainuka. Vidole vyake vikacheza kuelekea vyuma, vikarudi. Alikuwa anamtazama dada tu, na dada akakunjua mikono yake bila kujua, akawa ameiacha inaning'inia vile vile. Nikaona mstari kwenye skrini unaanza kuzama mahali ambapo awali ulikuwa umenyooka. Sijui mambo ya moyo, lakini nimekaa miaka nyuma ya kioo nikitazama mistari, na ule niliujua.

"Inatosha," daktari akasema. "Simamisha."

Wakamkalisha. Jasho lilikuwa linamtoka kama amemwagiwa. Fundi akampa hewa ya bomba, na ilichukua muda kabla hajaweza kusema. Alipoweza, alisogeza kile kikombe cha hewa pembeni.

"Hatua ya ngapi?"

"Ya pili, mzee," fundi akasema. "Hukuimaliza."

Akaitikia kwa kichwa. Akamtafuta dada kwa macho mpaka akampata.

"Hizi ndizo nguvu zangu," akamwambia.

Dada akaja, akapiga magoti mbele ya kiti. Nilidhani atamgombeza, na alikuwa na haki. Akamfuta uso kwa mkono wake, paji, mashavu, chini ya kidevu.

"Basi tutakwenda na hizo," akasema, na akaanza kumbandua zile waya kifuani, moja moja, ili amvalishe shati.

Fundi akamshika mkono. "Ziache, mama," akasema. "Leo harudi nyumbani."